Usimwambie kila mtu "nakuhusudu"

Mjomba wangu ana mikorosho kule Tandahimba, mingi ilipandwa na babu, na msimu wa 2017 ilizaa kuliko alivyozoea yeye mwenyewe. Nilikwenda Oktoba kumsaidia kuokota. Asubuhi ya kwanza tulisimama chini ya mkorosho mkubwa ulio nyuma ya nyumba. Mabibo mekundu na ya njano yalikuwa yametapakaa chini, kila bibo na korosho yake imening'inia nje, na harufu ya yale yaliyoanza kuchacha imejaa hewani. Nikatazama, moyo ukafurahi, nikasema: "Mjomba, mimi nakuhusudu."

Alikuwa anasokota korosho kuitoa kwenye bibo. Mkono ukasimama.

"Unasemaje?"

Nikarudia, tena kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Akanitazama kidogo. "Hata mashallah hujasema," akasema, akaitia korosho kwenye ndoo, akahamia mti mwingine. Siku zile tatu nilizobaki alizungumza nami kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na mgeni.

Mwaka uliofuata ubwiri unga ulishika maua. Aliyekulia huku anaujua: vumbi jeupe kama majivu juu ya shada la maua, kisha maua yanasinyaa na kupukutika kabla hayajashika. Ni ugonjwa wa ukungu, dawa yake salfa, na salfa ina wakati wake. Ukichelewa kupuliza umechelewa. Mjomba alichelewa. Hakuna aliyenilaumu usoni, ila Oktoba ilifika na simu ya kuniita haikuja. Mama ndiye aliyeniambia, tena baada ya kumsumbua sana: "Mjomba wako anasema ulimhusudu shambani kwake. Na ulisema kwa mdomo wako mwenyewe."

Kwetu huku jambo hilo si dogo. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye anayekaa mbele kwenye posa yako na kwenye shida yako. Kumpoteza mjomba kwa neno moja ni hasara ambayo hata sasa nikiikumbuka naumia.

Nafanya kazi ya kuchapa kwenye steshenari hapa Mtwara mjini: risala za harusi, barua za maombi ya kazi, malalamiko ya kupeleka baraza la kata, kadi za michango. Kutwa nzima niko na maneno ya watu. Baada ya jambo la Mjomba nilianza kuyaangalia kwa makini maneno haya ya wivu na jamaa zake, na ninayoandika hapa nimeyapata kwa njia hiyo.

Tuanze na -husudu, maana ndilo lililoniunguza. Kitenzi hiki kina maana mbili zilizo hai. Vijana wengi, na mimi nikiwa chuo, tunakitumia kwa sifa: "namhusudu sana yule beki", yaani namkubali, navutiwa naye. Maana ya pili ndiyo ya asili: kuumia kwa neema aliyopata mwenzako na kutamani imtoke. Kitenzi kimepanuka kikafika kwenye sifa. Nomino zake hazikupanuka. Husuda haijawahi kuwa sifa. Hasidi hajawahi kuwa mtu mwema. Hakuna mzazi anayesema mwanangu ana husuda nzuri.

Sasa fikiria masikio ya Mjomba. Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu akiwa mdogo, na Surat Al-Falaq ni katika sura za mwanzo kabisa ambazo mtoto huhifadhi. Aya yake ya mwisho inaomba kinga dhidi ya shari ya hasidi anapohusudu. Nomino na kitenzi vimesimama pamoja, bega kwa bega, katika dua ambayo mtu huisoma kabla ya kulala. Kwa mtu wa namna hiyo huwezi kuleta kitenzi ukamwacha hasidi mlangoni. Wanakuja wote.

Ndiyo maana kipimo changu sasa ni kimoja, na ninawapa wateja wangu wote: kabla hujaandika "nakuhusudu", ligeuze liwe nomino uone kama bado unathubutu. "Nina husuda nawe." Kama mdomo unakataa, basi usimwambie hivyo mtu ambaye hujui masikio yake yalifunzwa wapi. Sema umempenda, umevutiwa naye, unamstahi, kazi yake imekutia ghera. Ghera ni neno zuri sana na tunaliacha lipotee bure: ile hamu inayokuamsha ufanye na wewe, bila kumtakia mwenzako apungukiwe.

Niliwahi kuletewa risala ya kuchapa, ya kamati ya harusi, na katikati imeandikwa "sisi marafiki tunawahusudu maharusi wetu". Nilimsomea mwenyekiti kwa sauti pale pale kaunta. Akanyamaza, akasema bibi yake bwana harusi atakuwa mstari wa mbele. Tukaandika "tunajivunia maharusi wetu". Nadhani tuliokoa ukumbi mzima.

Wivu ni habari nyingine, na hapa nina kosa lililo langu kazini. Alikuja baba mmoja kutoka vijiji vya pembezoni, anataka barua ya kwenda baraza. Mkewe alifungua genge, likaenda vizuri, na tangu hapo jirani anamwaga maji machafu mbele ya genge na kuwaambia wateja maneno. Yule baba akasema niandike, nami nikaandika vile vile: "Jirani yangu ana wivu kwa sababu ya mke wangu." Iliposomwa mbele ya wazee, mmoja akauliza kama jirani na huyo mama wana jambo. Watu wakatazamana. Yule mama alikuwa amekaa pale pale, kanga ameivuta usoni. Mumewe alirudi kwangu kesho yake akaniweka barua mezani bila kusema kitu.

Wivu, ukiutaja karibu na mke au mume, kwanza unasikika kuwa wa mapenzi. Mume mwenye wivu ni yule anayeogopa kunyang'anywa aliye wake. Wakristo watakumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 20, pale Mungu anapojiita Mungu mwenye wivu. Hakuna mahali anapoitwa mwenye husuda, na haingewezekana, kwa sababu husuda ni kulenga kilicho cha mwenzako. Wivu unaweza kuwa ulinzi wa kilicho chako. Najua wivu hutumika pia kwa mali na vyeo, kila siku tunasikia "wananionea wivu", na si makosa. Lakini kwenye barua ya malalamiko, ambapo kila neno litapimwa na wazee, nilipaswa kuandika husuda au kijicho, na kwanza kabisa nilipaswa kuandika maji machafu. Kitendo ndicho baraza linachoweza kukiamua. Siku hizi mteja akiniambia jirani ana wivu, namuuliza: amefanya nini? Jibu lake ndilo naliandika mwanzo, na jina la tabia linafuata baadaye kama bado lina haja.

Kuhusu sarufi sitakaa sana. Wivu hauna kitenzi chake, unaazima. Naona wivu, namwonea wivu, naonewa wivu, au ana wivu, maneno mawili, si "anawivu" kama tunavyoandika kwenye simu. Kijicho nacho ni vivyo hivyo: anaona kijicho, ananionea kijicho. Ukisahau kuweka wivu au kijicho baada ya "ananionea", umebadili kesi nzima, kwa kuwa "ananionea" peke yake ni kudhulumiwa. Husuda ndiyo yenye kitenzi chake kamili: amenihusudu, nimehusudiwa, wanahusudiana. Mtu mwenyewe ni hasidi, na wakiwa wengi ni mahasidi. Choyo liweke mbali na haya yote. Mchoyo ananyima kilicho chake; hasidi anachukia ulicho nacho wewe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini usimwite mchoyo jirani ambaye hujawahi kumwomba kitu.

Na kuna huu msemo, "roho ya korosho". Nchi nzima wanausema kwa mtu mwenye roho mbaya, asiyependa mwenzake apate. Natambua unapita kirahisi mdomoni, na sina haja ya kumkosoa mtu wa mbali anayeusema. Lakini watoto wa huku wamesomeshwa na korosho. Mwaka 2018, Serikali iliposema itanunua kwa Sh 3,300 kwa kilo, niliona wazee wakihesabu ada kwa vidole hapo hapo kaunta kwangu. Sijawahi kuuchapa msemo huo mtu asipoulazimisha, na naomba tusiwafundishe watoto wetu kuusema.

Wanafunzi nao huja kuchapa kazi zao za Kiingereza, na hapo nimeona tatizo linarudi kwa mlango wa nyuma. Waingereza wana neno moja, envy, ambalo ni nomino na ni kitenzi bila kubadilika sura. Kijana mmoja wa Shangani aliandika "I am envy you", kwa sababu kichwani mwake kulikuwa na "nina wivu nawe" na kila neno akalitafutia mwenzake. Kwa Kiingereza ni "I envy you", kitenzi kinasimama chenyewe, au "I am envious of you" ukitaka kivumishi. Hilo ni rahisi kurekebisha. Gumu ni safari ya kurudi. Mwingereza akimwambia rafiki yake "I envy you" kwa sababu rafiki anakwenda ufukweni Msimbati, mara nyingi ni pongezi tu, na rafiki atacheka. Kijana wetu anaisikia kwenye filamu, anaigeuza kuwa "nakuonea wivu" au "nakuhusudu", anamtumia shangazi aliyemaliza kuezeka nyumba bati mpya. Shangazi hacheki.

Ajabu ni kwamba kwa asili maneno yenyewe yako karibu. Envy limetoka kwenye Kilatini, invidia, na kitenzi chake invidere, kumtazama mtu kwa jicho baya. Sisi tukasema kijicho. Watu wasiojuana kabisa, wote walimtazama mwenye husuda, na wote wakaona macho yake.

Kwa hiyo shangazi mwandikie: "Shikamoo shangazi, mashallah, nyumba imependeza, Mungu akuzidishie." Ni maneno mengi kidogo kuliko moja la filamu, lakini hakuna atakayekosa usingizi. Kama shangazi ni Mkristo, "Bwana asifiwe" inafanya kazi hiyo hiyo. Kinachotuliza ni kwamba umeitaja neema na mwenye kuitoa, hukuishia kuikodolea macho.

Mjomba nilimfuata mwenyewe, 2019, kabla ya msimu. Nilibeba sukari na kanga ya mke wa mjomba, nikaichagua kanga kwa uangalifu, maana pale dukani ya kwanza niliyoishika iliandikwa "Hasidi hana sababu". Nilikaa chini kwenye mkeka nikamwambia: Mjomba, mwaka ule nilikosea neno. Nilitaka kusema nimefurahi na najivunia wewe. Mjini tunalisema hivyo, sikujua hapa linasikikaje.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Neno lile nilifundishwa nikiwa mtoto, na kinga yake nikafundishwa siku hiyo hiyo. Wewe ulikuja na neno, kinga hukuja nayo." Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nimekula.

Oktoba simu ilikuja. Nilifika alfajiri, mkorosho wa nyuma ya nyumba ulikuwa umezaa wastani tu, nikasimama chini yake nikasema, "Mashallah, Mjomba, mwaka huu umeshika." Akanipa ndoo.