Mwalimu wa Makete, hilo jedwali la mbio litupe kabla hujamwandikia mtoto alama

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba wiki ijayo unawatoa Fomu Wani wote uwanjani wakimbie dakika 12, halafu umbali wa kila mmoja unautazama kwenye jedwali la semina na kumpa A mpaka F ya somo la michezo. Mengine uliyouliza, nadharia ibebe alama ngapi, raba na jezi, yasubiri; wenye vyeti vya hospitali tutawafikia. Kwanza weka chini hiyo stopwochi.

Jedwali hilo nalijua. Nami niligawiwa kwenye semina moja hapa Mbeya, kopi ya kopi, 8 na 3 hazitofautiani. Mwezeshaji alikuwa na filimbi shingoni ambayo hakuipuliza hata mara moja, akatuhakikishia kwamba ni kipimo cha kimataifa, akasaini posho, akaondoka. Hakutuambia kwamba kipimo chenyewe kilitoka mwaka 1968 kwa Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, na kwamba waliokimbizwa walikuwa askari. Watu wazima wenye mlo wa uhakika. Na hata kwao alikuwa anakadiria mwili unaweza kutumia oksijeni kiasi gani, hakuwa anasahihisha somo. Ningempata yule mwezeshaji leo ningemkimbiza dakika 12 kupanda mlima Loleza, tuone anaangukia safu gani.

Sasa wewe unazipandisha namba hizo Makete! Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, na tayari oksijeni kwenye kila pumzi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Pwani. Wewe uko juu kuliko sisi. Mwaka huohuo wa 1968 Olimpiki ilikuwa Mexico City, mita 2,240, na mbio ndefu ziliwatoa jasho hata mabingwa. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, aliimaliza maratoni ile akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji. Kwa jedwali lako huyo ana F.

Nikuambie kilichonipata. Darasa langu lilikuwa na wa kutwa na wa bweni. Wa kutwa ni watoto wa vijiji vya juu, wanashuka na kupanda vilima kwa miguu asubuhi na jioni tangu darasa la kwanza. Wa bweni wengi walitoka Kyela, wengine Usangu, wachache Dar, na walikuwa hawajakaa huku hata miezi miwili. Februari, ukungu, uwanja tope tupu. Nikapuliza filimbi. Matokeo yalipendeza sana kwenye karatasi: A karibu zote za wa kutwa, D na F za watu wa mabondeni. Nilikuwa nimepima mtoto kwao ni wapi, na nani kabalehe mapema, basi.

Kijana mmoja akaondoka na A yake hali ukimwuliza kwa nini tunapasha mwili moto anacheka tu. Na binti wa Kyela aliyeijua netiboli kuliko mimi, anayewapanga wenzake na kuona faulo kabla yangu, nikampa F kwa wino mwekundu, ikaingia kwenye ripoti, ikaenda nyumbani. Baba yake akapanda basi akaja. Hakufoka, na heri angefoka. Mbele ya mkuu wa shule akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ulimfundisha kitu gani akashindwa kukijua?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo. Walimu wa Hisabati msinicheke, nyie mnatoa sifuri kila wiki na hamwitwi ofisini.

Ubaya wenyewe ulikuja baadaye. Muhula wa pili vyeti vya hospitali vikamiminika: pumu, mgongo, mpaka presha kwa mtoto wa miaka 14. Uwanjani wakabaki walewale wa A, yaani wasionihitaji. Yule binti hakushika tena mpira mpaka anahama.

Kwa hiyo shika hili: PIMA MARA MBILI, ALAMA ITOKE KWENYE TOFAUTI. Kipimo cha kwanza hakina alama, ni cha kumjua mtoto alipo. Usikifanye Januari wala Februari, maana wa mabondeni bado wanazoea hewa na uwanja ni tope; wakija kukimbia vizuri zaidi baadaye utajisifu bure kwa kazi ya jua. Fanya mwishoni mwa Mei mvua ikishakata, rudia Oktoba kabla haijaanza, saa ileile ya asubuhi. Aliye juu tayari hana pa kuongeza, huyo akiilinda namba yake mpe zote.

Watakuchezea, jiandae. Mwezi Mei watatembea makusudi ili Oktoba waonekane wamepaa. Mbio zikiisha tu, kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo sekunde 15, zidisha kwa 4. Aliyekuwa anatembea utamkamata hapohapo, mapigo yametulia kama ametoka kunywa chai.

Na hizo mbio zisizidi robo ya alama. Zinazobaki zitoke kwenye ulichofundisha kweli: pasi ya kifua, kupasha mwili, sheria, kuchezesha mechi. Mwenye cheti cha hospitali mpe filimbi achezeshe, naye apate alama zake. Aliye timu ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, naye apimwe kama wenzake, jezi haimpi A.

Daftari la Mei lifungie kabati lako mwenyewe. Langu la mwaka uliofuata mwalimu wa taaluma alilichana kurasa akapigia hesabu za mahindi ya shule, Oktoba ikafika sina cha kutoa tofauti.