"Rats mogiva, Davitao": methali ya Kijojia kwa mwenye sikio la mizani

Wengi wanaojifunza methali ya lugha ngeni huanza na maana, kisha maneno yenyewe yanawaponyoka baada ya siku mbili. Kwa Kijojia, lugha ya Georgia ile ya Kaukazi (si jimbo la Marekani), anayejua Kiswahili ana njia fupi zaidi: aanze na mizani. Methali, ambayo wenyewe huiita *andaza*, ni hii:

რაც მოგივა, დავითაო, ყველა შენი თავითაო.

Kwa herufi zetu: *Rats mogiva, Davitao, q'vela sheni tavitao*. Yatakayokupata, Daudi, yote yatatokana na wewe mwenyewe.

Sasa hesabu kwa vidole. Rats-mo-gi-va, da-vi-ta-o: nane. Q've-la-she-ni, ta-vi-ta-o: nane tena, na kina ni -vitao pande zote mbili. Ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (cha pili) kamili, kama mshororo wa shairi letu la mizani kumi na sita. Ushairi wa kale wa Kijojia nao una bahari iitwayo *shairi*, jina lenye asili ya Kiarabu kama letu. Kila mshororo una silabi 16, na ubeti una mishororo minne yenye kina kimoja. Ndiyo bahari aliyotungia Shota Rustaveli, mshairi wa zama za Malkia Tamar (1184 hadi 1213). Aina yake ya juu, *maghali*, hukatwa nne nne, na methali yetu inakatika hivyo hivyo. Basi ikariri kwa kupiga kofi mwanzoni mwa kila nne, makofi manne tu, mara kumi asubuhi na kumi jioni, bila kujali maana kwanza.

Faida ya kuhesabu ni kwamba kosa la matamshi linajifichua lenyewe. Ulimi wetu haupendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo *rats* hugeuka "ratsi", na kipande cha kwanza kinakuwa na tisa. *Q'vela* nayo hugeuka "kuvela", tisa tena. Kofi likikosa mahali pake, ujue umechomeka irabu. Dawa ya *rats* ni kuiegemeza kwenye neno linalofuata, "ratsmo", kwa pumzi moja.

Sauti ya *q'* ndiyo ngumu kuliko zote. Aliyesoma Kurani anajua mahali pa *qaf*, nyuma kabisa ya ulimi. Weka ulimi papo hapo, lakini funga koo kama unayebeba gunia, halafu achilia sauti ipasuke bila pumzi. Mwanzoni itatoka kama kikohozi, usihangaike. *T* ya *Davit* na ya *tavi*, kinyume chake, ina pumzi. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba ameshaipata nusu ya somo hili.

Halafu kuna mkia wa *-o*. Wanafunzi wengi hudhani mtu huyo anaitwa Davitao. Hapana, anaitwa Davit. Kijojia hubandika *-o* kuonyesha kwamba maneno ni ya mtu mwingine, na hapa *a* imeingia katikati kama daraja. Ni "wahenga walisema" iliyofupishwa ikawa irabu moja, ndiyo maana utaikuta mwishoni mwa methali nyingi za Kijojia. Ukiitupa, umepoteza wahenga na mizani kwa mpigo mmoja.

Ndani ya *mogiva* kuna *-g-*, inayofanya kazi ya *-ku-* yetu. Ukitaka kusema "yatakayonipata" ni *momiva*, "yatakayompata" ni *mouva*. Yajue, ila usiyatie ndani ya methali. Hata unayemwambia awe mwanamke, Daudi anabaki Daudi.

*Tavi* ni kichwa, lakini pia ndilo neno lao la nafsi. Anayetafsiri "kwa kichwa chako" anampeleka msomaji kwenye ukaidi, na methali haisemi hivyo. Ukitaka kuipokea kwa Kiswahili na mizani yake, hii inakaribia: *Yakupatayo, Daudi, ni kwako yote yarudi*.

Kwa matumizi, mwenzake wa karibu kwetu ni "mwiba wa kujichoma hauambiwi pole". "Mchimba kisima huingia mwenyewe" ni nyembamba mno, kwa sababu inahitaji mtu aliyemtegea mwenzake. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inataka pawe na mkuu aliyeonya. Daudi hahitaji adui wala mwonyaji. Anatosha peke yake. Chukua dereva anayetoka Tbilisi kwenda Stepantsminda, anakipita kituo cha mafuta huku mshale umelala, halafu gari linazima karibu na Jvari, kipito cha mlimani kilicho juu ya mita 2,300. Abiria rafiki yake ana haki kamili ya kuisema.

Neno ni "rafiki". *Sheni* ni "-ako" ya mtu mmoja uliyemzoea. Wakubwa na wageni huambiwa *tkveni*. Ukimtupia mkwe au bosi methali hii umemnyooshea kidole. Isiguse msiba wala ugonjwa, maana hapo inamtwika mgonjwa lawama ya maradhi yake. Na kosa la wageni wengi ni kuitoa kwenye *supra*, karamu inayoongozwa na *tamada*, ili waonekane wanajua lugha. Pale watu wanatakiana heri kwa glasi mkononi, na hii ni lawama. Mezani tumia *st'umari ghvtisaa*, mgeni ni wa Mungu. Ni fupi na haimchomi mtu.

Mahali salama pa kuanzia ni kujisema mwenyewe. Umesahau funguo ndani, umekosa basi, umeunguza mkate: toa nusu ya kwanza tu, *rats mogiva, Davitao*, kisha nyamaza. Aliye karibu akiimalizia, matamshi yako yameeleweka. Na siku ukitupiwa wewe hiyo nusu, imalizie mwenyewe kabla hawajakumalizia.