Makala ya mchezo wa anga za mbali: nitume yote au wazo kwanza?

SWALI: Dada mhariri, salamu kutoka Kisumu. Nafundisha fizikia sekondari, na Jumamosi jioni mimi na walimu wenzangu wanne hukaa mezani tukacheza Traveller. Nimeandika makala ya maneno 6,400 kwa Kiingereza kuhusu sayari ya maji ambako gugu linaloelea hufunga bandari ya vyombo vya angani. Nataka kuyauza kwa mchapishaji wa ng'ambo. Nitume yote? Haki zangu zitapotea? Na malipo yatanifikiaje? Nimekuambatishia makala.

JIBU: Mwalimu, nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na dadu mkononi. Usitume yote. Tuma pendekezo lisilozidi ukurasa mmoja, usubiri mhariri aseme ndiyo. Lakini hata ukurasa huo usiondoke Kisumu kabla hujarekebisha mambo matatu, kwa sababu sayari yako ni nzuri na sitaki irudishwe kwa makosa yanayoondoka kwa jioni mbili za kazi.

Kwa wasomaji wengine niseme kidogo. Traveller ilitolewa Marekani mwaka 1977 na Game Designers' Workshop, kazi ya Marc Miller, na siku hizi inachapishwa na Mongoose ya Swindon, Uingereza. Ni mchezo wa kuigiza mezani, kwa mazungumzo na dadu: wachezaji wanakuwa mabaharia, wafanyabiashara, wanajeshi wastaafu wa angani. Anayeendesha mchezo anaitwa refa. Tangu 1979 mchezo huu umekuwa na jarida lake, Journal of the Travellers' Aid Society, na desturi ya makala fupi kutoka kwa waandishi wa nje ilikomaa humo: sayari moja, chombo kimoja, mnyama mmoja, kazi moja ya usiku mmoja. Mlango unaoubisha, Mwalimu, ni wa zamani na una mazoea yake.

Jambo la kwanza. Umeandika hadithi, na anayekusoma anataka kitu cha kuendeshea mchezo. Nahodha wako anafika, anagundua, anapigana, anashinda. Wachezaji watafanya nini kama nahodha amekwisha kufanya yote? Makala ya mchezo huacha pengo mahali ambapo hadithi ingejaza. Refa akifungua ukurasa wako saa kumi na mbili jioni, wageni wakibisha hodi, anataka kujua mambo machache: nani anataka nini hapa, atafanya nini wachezaji wasipoingilia, na wakiingilia kitavunjika nini.

Na hazina unayo tayari, ukurasa wa nne. Asubuhi rubani anaona maji wazi, anakwenda kunywa chai. Akirudi upepo umegeuka na lango lote la bandari ni kijani, mtu anaweza kudhani ni shamba. Hilo hukulitoa kichwani. Umelitazama ufuoni Dunga, hapo Kisumu, kwa macho yako, mashua zikirudi na omena alfajiri zikakuta njia imezibwa na magugumaji. Mhariri wa Swindon hana hilo, na ndilo atakalolilipia. Basi ligeuze liwe kifaa. Kila asubuhi refa arushe dadu moja: 1 au 2, bandari imefungwa mchana kutwa, 3 hadi 5, kuna njia nyembamba kwa anayemjua mwongozaji wa kienyeji, 6, maji wazi. Mistari mitatu hiyo inafanya kazi kuliko aya zako saba za mandhari.

Tena kuna fukusi. Kwetu waliachiliwa ziwani mwaka 1997 ili wale magugu, lakini makala yako hayana kitu kama hicho. Kwenye sayari yako nani ana mdudu wa kulila gugu? Na nani anapata riziki kwa sababu gugu lipo: waongozaji, wenye ghala, wanaokodisha vyombo vidogo? Ukijibu hayo mawili umepata ugomvi wa kutosha jioni tatu. Halafu usiyafute majina ya kwetu uliyowapa watu wa bandari ukidhani Mwingereza atakwama. Yaache, yanasomeka.

La pili ni hesabu, na hapa nakuuliza kama mwalimu wa fizikia. Kilele chako kinamtaka mchezaji apate 12 kwa dadu mbili, la sivyo chombo kinazama na mchezo umekwisha. Huo ni uwezekano mmoja katika 36. Kiwango cha kawaida cha Traveller ni 8 au zaidi: njia 15 katika 36, karibu asilimia 42, na mwenye ujuzi wa kuongeza 2 anafika asilimia 72. Weka 8, kisha uandike kinachotokea akikosa, na kiwe kitu cha kuendelea nacho: injini imenasa kwenye mizizi, mtu lazima ashuke majini. Mhariri mzoefu akiona jioni nzima imening'inia kwenye 12 anajua makala hayajawahi kuchezwa.

La tatu ni kosa la ulimwengu wenyewe. Ukurasa wa tisa mkuu wa bandari anapiga simu makao makuu, nyota nyingine, anajibiwa papo hapo. Kwenye Traveller hakuna simu hiyo. Mruko mmoja kati ya nyota huchukua takriban wiki, uwe wa parseki (kipimo cha umbali kati ya nyota) moja au sita, na habari haisafiri haraka kuliko chombo kilichoibeba. Ni kama barua aliyopewa kondakta wa basi zamani: gari lisipofika, habari haijafika. Mkuu wako wa bandari yuko peke yake kwa wiki mbili kwa uchache, kwenda na kurudi. Ukilisahihisha hilo utaona hadithi inapata nguvu, maana sasa lazima aamue mwenyewe.

Kuhusu msimbo wa sayari, ule mstari wa herufi na tarakimu unaoieleza kwa kifupi, umeandika C577643-8. Uko sawa: bandari ya daraja la C, kipenyo kama kilomita 8,000, hewa ya kawaida yenye uchafu, maji karibu asilimia 70, watu mamilioni, serikali ya wawakilishi, sheria nyepesi, teknolojia 8. Ila umeipa sayari hewa chafu halafu wavuvi wako wote wanatembea bila barakoa. Sema uchafu ni mbegu za gugu lenyewe, na wenyeji wavae vichujio msimu wa maua tu.

Sasa pendekezo. Soma mwongozo wa waandishi wa mchapishaji huyo kwanza, maana wengine hupokea kwa msimu tu. Sentensi mbili za wazo, moja ya ugomvi, moja ya kile ambacho refa atakitumia, urefu unaoahidi, na mstari mmoja kukuhusu: unafundisha fizikia na unaishi kando ya ziwa. Ahidi maneno 2,000, si 6,400. Kilichobaki utakivuna kwingine. Kwa mfano yule mama mwenye ghala anatosha kuwa makala yake mwenyewe kwa ule mtindo wa zamani wa mtoa kazi: kazi moja anayoitoa, na chini yake kweli sita zinazowezekana kumhusu, refa achague au arushe dadu. Usitume kwa wachapishaji wawili kwa wakati mmoja. Picha za mtandaoni usiambatishe hata moja.

Haki. Mikataba mingi ya kazi hizi huchukua haki zote, na si Ulaya tu. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inahesabu kwamba kazi uliyoagizwa kuandika haki yake imehamia kwa aliyeagiza, mkikosa kukubaliana vingine. Si wizi, mradi umejua kabla ya kutia sahihi. Kwa hiyo usiitie ndani ya sayari hii riwaya unayoiota. Sayari yenyewe iandike bila kutegemea himaya wala majina ya ulimwengu wa Traveller mpaka ikubaliwe; wakiikataa, unaondoa msimbo na kanuni, na gugu, bandari na watu wake bado ni wako.

Kifungu kimoja kitafute kwa kidole. Mkataba wangu wa kwanza ulisema nitalipwa kazi ikishachapishwa. Kitabu hakikutoka kamwe, na makala sikuweza kuyapeleka popote kwa sababu nilikuwa nimeyaachia. Iliniuma, na tangu hapo naomba mstari mmoja: kisipotoka ndani ya miezi 18, haki zinarudi kwangu. Mchapishaji mwungwana halikatai ombi hilo kirahisi. Afadhali zaidi ni malipo ya kukubaliwa kwa kazi.

Malipo huhesabiwa kwa neno. Wakikupa senti 3 za dola, maneno 2,000 ni dola 60. PayPal inaunganishwa na M-Pesa, na kwa kiasi kidogo namna hiyo inakula pungufu kuliko benki. Mchapishaji wa Marekani atakupa W-8BEN, fomu ya kodi kwa wasio Wamarekani, ujaze. Ni ya kawaida. Na KRA, mamlaka yetu ya kodi, ijue: pato hilo liingie kwenye ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni.

Ukimaliza marekebisho, Jumamosi ijayo usiwe refa. Mpe mwenzako karatasi zako, aendeshe yeye, nawe ukae pembeni na daftari bila kusema neno. Kila mara atakapoinua macho kukuuliza kitu, andika ukurasa na mstari. Hizo ndizo sehemu za kuandika upya kabla ya Jumatatu.