Mstari wa kijani hauondoki kwa fomati

Juzi nimemkuta kijana wa atachi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, amechomeka flashi ya Windows kwenye mashine ya karani wa stoo. Ugonjwa wenyewe ni mstari mmoja wa kijani, umesimama wima katikati ya skrini. Namwuliza anafanya nini, ananijibu, "Naipiga fomati, bosi." Yaani afute diski yote, aweke Windows upya. Nikamwinua kwenye kiti kabla hajabonyeza. Sasa ninyi mafundi wapya mnaoingia, someni hapa nisije nikawakimbilia dawati kwa dawati.

1. Fungua menyu ya monita, kwa vile vitufe vya chini vilivyojaa vumbi. Menyu hiyo inachorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Mistari ikiikata na yenyewe, ugonjwa uko kwenye monita. Menyu ikiwa safi na nyuma yake kumechafuka, rudi kwenye kebo, kadi ya picha au draiva, ile programu inayoiendesha kadi hiyo.

2. Badilisha kebo kwa nyingine unayojua ni nzima. Ikiwa ni VGA, ile ya kufungwa kwa skrubu, kaza zote mbili. Skrini nzima ikigeuka zambarau, kagua pini inayobeba rangi ya kijani.

3. Ingia BIOS, ile menyu ya kompyuta inayofunguka kabla Windows haijaamka. Mistari ikiwa huko pia, mwacheni draiva wa watu.

4. Fomati. Hapa tukae kidogo.

Nilikuwa mgeni kama ninyi, nikaitwa studio moja ya picha River Road, Nairobi. Mwenyewe mama mtu mzima, ananiita "mwanangu", chai imefika mezani kabla sijafungua begi. Mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, upande wa kulia. Vitufe vya monita sikuvigusa. Nikatangaza ni virusi, maana enzi hizo kwetu kila kitu kilikuwa virusi, nikamwuliza, "Mama, kazi zako ziko salama?" Akajibu, "Ziko salama kabisa." Alimaanisha ofisi inafungwa vizuri usiku. Mimi nikaelewa ana nakala.

Nikafuta diski nzima. Windows ikaanza kuingia, na mistari yangu miwili ikawa palepale, inapita juu ya asilimia zinazopanda. Ndipo nikakumbuka vile vitufe. Menyu ikafunguka upande wa kulia, imekatwa na nyekundu na buluu.

Kwenye diski ile kulikuwa na harusi ya Jumamosi. Kadi ya kamera ilishafutwa, imeenda kupiga harusi nyingine. Programu ya kuokoa faili ilirudisha picha nyingi, bila majina, na baadhi zikafunguka nusu: bibi harusi hadi kifuani, kushuka chini kijivu kitupu. Mama akavaa miwani, akazipitia moja moja. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ya kukata keki ipo?" Haikuwepo. Monita nyingine nilimletea kwa pesa yangu, lakini kwa wale maharusi alinipeleka nikaeleze kwa mdomo wangu, mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Afadhali ningekatwa mshahara.

Kwa hiyo msiulize kama vitu viko salama. Ulizeni, "Nikifuta kila kitu sasa hivi, utapoteza nini?" Mteja atatoa macho, kisha ataanza kutaja.

5. Mstari mmoja wima, wa rangi moja, usiosogea: mara nyingi utepe mwembamba wa nyaya uliogandishwa ukingoni mwa kioo umeanza kuachia. Ukibinya fremu hapo, unaweza kupotea. Kuna mafundi Luthuli Avenue watakuwekea kipande cha sponji ndani, utoke ukitabasamu, na baada ya muda mstari urudi na wenzake. Utepe ule haushikwi kwa risasi ya kuchomelea, una mashine yake. Mwambie mteja anunue monita. Kioo peke yake mara nyingi hukaribia bei hiyohiyo.

6. Laptopu, hasa hizi za ex-UK, zilizotumika Uingereza kwanza: fungua na kufunga kifuniko polepole. Mistari ikicheza, shuku waya wa skrini unaopita kwenye bawaba. Agiza kwa namba iliyochapishwa kwenye waya wenyewe. Ukienda dukani na jina la laptopu tu, utapewa wa pini 40 na wako ni wa pini 30, na mwenye duka akishakata risiti hakujui tena. Na chomoeni betri kabla ya kuugusa waya huo, tafadhali. Nimewaona.