Kwa nini tetekuwanga iliishia njiani: hesabu za bweni moja Mufindi

Ndugu, umeuliza kwa nini ugonjwa wa mlipuko hukoma kabla haujampata kila mtu, na kama kweli hisabati inaweza kulieleza jambo hilo. Inaweza, na nitakueleza kwa mfano nilioushuhudia nikifundisha katika shule ya bweni wilayani Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania.

Ilikuwa Julai, wakati ambapo baridi ya huku huwafanya wanafunzi wafunge madirisha tangu jioni na kusogeza vitanda vya dabodeka hadi vikagusana. Msichana mmoja alitokwa na vipele vya tetekuwanga, na wiki mbili baadaye wakafuata wawili. Nilichukua daftari, nikaandika kwamba ana wenzake 80 bwenini, nikakokotoa kana kwamba wote wangeweza kuugua, nikapata majibu ya kutisha. Matroni, ambaye wakati huo alikuwa akiwapaka wagonjwa losheni ya kalamini, aliniuliza, "Mwalimu, umewauliza wangapi waliugua utotoni?" Sikuwa nimeuliza. Tulipita kitanda kwa kitanda, tukakuta 52 walikwisha kuugua, na kwa kawaida anayeugua mara moja haugui tena. Waliobaki bila kinga walikuwa 28.

Swali la matroni ndilo kiini cha modeli, yaani mfano wa kihisabati wa ugonjwa unavyoenea, waliyoichapisha wanasayansi Kermack na McKendrick mwaka 1927. Wao waliwagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona. Maambukizi mapya hutegemea fungu la kwanza likizidishwa kwa la pili, kwa hiyo fungu la kwanza likipungua, mgonjwa huzungukwa na watu asioweza kuwadhuru.

Kwa kuwa mgonjwa wetu wa kwanza aliambukiza wawili, na wasio na kinga walikuwa asilimia 35, nilikadiria kwamba angeambukiza watano au sita endapo wote 80 wasingekuwa na kinga, nikachukua watano. Zidisha 5 kwa 28, gawanya kwa 80, utapata 1.75, inazidi moja, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa bado unapanda. Wasio na kinga wakifika 16, jibu ni moja kamili, na chini ya hapo wanaopona huwazidi wanaoambukizwa, hata kama bado wapo wasio na kinga. Nilipoendeleza hesabu hadi mwisho, modeli iliniambia kwamba kati ya wale 28 wataugua 20 na kubaki 8. Waliougua walikuwa 17.

Tofauti hiyo haikunishangaza, kwa sababu katika kundi dogo bahati ina nguvu. Lililonisumbua zaidi ni muda: tetekuwanga hujificha mwilini siku 10 hadi 21, hivyo panahitajika fungu la nne la walioambukizwa ambao bado hawaambukizi. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele, ndiyo maana kuwatenga wenye vipele peke yao hakukutosha, tukalazimika kutenganisha vitanda na kufungua madirisha licha ya baridi.

Kwa surua hesabu ni kali zaidi. Mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, hukadiriwa kuambukiza 12 hadi 18. Chukua 15: ili asiambukize zaidi ya mmoja, wasio na kinga wasizidi 1/15 ya watu; toa 1/15 katika moja, utaona kwamba watu wapatao asilimia 93 lazima wawe na kinga, na kwa kuwa chanjo haimkingi kila anayechanjwa, lengo huwekwa kwenye asilimia 95.

Mwaka uliofuata, fomu ya kujiunga na shule yetu iliongezwa mstari mmoja unaomtaka mzazi aandike kama mtoto amewahi kuugua tetekuwanga, na matroni ndiye aliyeutunga.