Pilates kwa anayeanza: majibu ya karani wa mizani

Dada wa Lindi, salaam. Swali lako nimelisoma mara mbili. Una miaka 34, unafundisha sekondari, mtoto ana miezi minne, mgongo wa chini haukupi usingizi, na hospitali wamekushauri ujaribu mazoezi ya Pilates. Unaona aibu kwa sababu mara ya mwisho kutoka jasho la mazoezi ilikuwa netiboli ya shule. Unauliza ujue nini kabla hujalipa. Waliotangulia kukujibu wamesema "nenda tu, si kujinyoosha tu huko?" Mimi hiyo "nenda tu" naikataa, na hiyo "kujinyoosha" naikataa pia.

Nijitambulishe kidogo ili ujue nasemea wapi. Ni mwanaume, miaka 51, niko Mtwara mjini, karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Kazi yangu ni kuandika, si kubeba. Lakini Oktoba minada ikianza na malori yamepanga foleni hadi barabarani, nani anakumbuka cheo? Gunia la kilo 80 likikaa upande kwenye mizani, unalisukuma kwa kiuno mambo yaende. Miaka mitatu iliyopita nililisukuma moja namna hiyo, mgongo ukalia "ka!", nikakaa chini palepale na kalamu yangu sikioni.

Hospitali waliniambia hakuna kilichovunjika, ila misuli ya ndani inayoshika kiuno imelala, nitafute mazoezi ya kuiamsha. Ikatajwa Pilates. Rafiki yangu akasema anajua pa kwenda, kuna kijana ana ukumbi wa vyuma na ameandika neno hilo ukutani kwa rangi nyekundu. Nikaenda. Sakafu ya saruji, kijimkeka chembamba kama gazeti. Kijana akatulaza chali, mikono kisogoni, inuka, lala, inuka, lala, anahesabu kwa sauti kama yuko kwenye gwaride. Tulipofika thelathini akasema sasa turushe miguu ipite juu ya kichwa. Nikamuuliza, "Hii ndiyo Pilates yenyewe?" Akajibu, "Ndiyo hiyo, mzee, usiogope."

Siku nne nilikuwa navalishwa soksi na mke wangu.

Simlaumu peke yake. Yeye hakuniuliza kama nina tatizo, na mimi sikumwambia, maana pembeni yangu walikuwepo vijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Aibu ndiyo iliyoniumiza kabla ya miguu kupita kichwani. Kwa hiyo, aibu ile uliyoitaja, dada, iangalie sana.

Jambo la kwanza basi ni nani anakufundisha, kwa sababu jina hili halina mwenyewe. Mwenyewe alikuwepo: Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883, mtoto wa kuugua-ugua aliyekuja kuwa mtu wa ndondi na mazoezi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, wakamfungia kambini pamoja na Wajerumani wenzake, mwishowe Kisiwa cha Man, na huko akawa anawafundisha wafungwa wenzake mazoezi yake. Miaka ya 1920 akahamia New York, na wateja wake wakubwa wakawa wacheza dansi walioumia. Yeye mwenyewe hakuyaita Pilates. Aliyaita Contrology, maana yake elimu ya kuutawala mwili. Alikufa 1967, watu wakaendelea na jina lake, wakagombana nani alimiliki, hadi mwaka 2000 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba hilo ni jina la aina ya mazoezi tu, kama vile mtu asemavyo karate. Ndiyo maana hata mimi kesho naweza kununua rangi nyekundu nikaandika ukutani.

Muulize mwalimu alisomea wapi, kwa muda gani, na kama amewahi kushika watu wenye mgongo mbovu. Ila kipimo changu ni kimoja: je, yeye anakuuliza wewe? Mwalimu akikulaza kwenye mkeka bila swali hata moja kuhusu mwili wako, kunja mkeka, rudi nyumbani.

Na akiuliza, useme. Wewe hasa. Ulijifungua kawaida au kwa upasuaji? Ukijiinua kutoka kitandani, tumbo linatuna katikati kama paa la nyumba? Hiyo ni dalili kwamba misuli ya mbele iliachana wakati wa ujauzito na bado haijarudiana, na ukikimbilia zoezi la kuinua kichwa na mabega unaweza kuizidisha. Ukikohoa au ukipiga chafya mkojo unachuruzika? Mwalimu ninayefanya naye sasa, mama mmoja aliyestaafu kazi ya fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli), huuliza hilo wazi mbele ya kina mama huku mimi nikiangalia dari kwa makini mno. Anasema wengi hunyamaza miaka, na kumbe misuli hiyo ya chini ya nyonga ndiyo mojawapo inayofundishwa kwenye Pilates.

Kwa wengine mnaosoma: mwenye presha asibane pumzi hata kidogo. Mjamzito asilale chali muda mrefu mimba ikishakua, kuna namna ya ubavu na ya kukaa. Mzee ambaye mifupa imepungua nguvu ajiepushe na yale ya kujikunja mbele na kubiringika. Na mtu yeyote ambaye maumivu yanashuka mguuni na ganzi, au mguu unakosa nguvu, huyo daktari kwanza. Ukiona ganzi sehemu za siri au ghafla umeshindwa kuzuia mkojo au choo, huo si wakati wa darasa lolote, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nikueleze siku yangu ya kwanza kwa huyu mama, maana ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa naelewa kitu.

Anafundishia barazani kwake, Shangani ya hapa Mtwara, upepo wa baharini unapita. Nilifika nimejiandaa kwa vita. Akanilaza chali, magoti juu, nyayo chini. Akaniambia nipumue. Nikapumua. Akasema, "Hapana baba, hilo ni tumbo linapanda na kushuka. Nataka mbavu." Nikajaribu, nikainua mabega hadi masikioni. Akaingia ndani akatoka na kanga, akaizungusha kwenye mbavu zangu, chini kidogo ya chuchu, akazipishanisha ncha mbele na kunipa nizishike. "Vuta hewa kwa pua, uisukume kanga kwa pembeni na mgongoni. Toa kwa mdomo taratibu, uibane kanga iufuate mwili." Dakika kumi nzima, mwanaume mzima, nimefungwa kanga, napumua. Mpita njia mmoja alisimama getini akatazama, akaenda zake.

Dakika ya kumi na moja hivi nikahisi kitu. Nikitoa hewa hadi mwisho, chini ya kitovu pakaanza kukaza pole pole, kwa ndani, kama mtu anavuta kamba ya suruali. Sikukaza mimi. Mama akaweka vidole viwili ndani kidogo ya mfupa wa nyonga, akabonyeza, akasema, "Huyu hapa. Ndiye uliyemwacha amelala."

Kisha akaleta kikombe kidogo, vile vya kahawa chungu, akakijaza maji, akakisimamisha chini ya kitovu changu. Kazi: inua mguu mmoja kutoka sakafuni, goti likiwa limekunjwa, urudishe, na maji yasimwagike. Mimi ninayesukuma magunia! Mguu wa kulia ukainuka, kiuno kikaegemea kushoto, maji yote kwenye fulana. Akajaza tena. Nilimwaga mara saba. Ya nane nikainua mguu labda kimo cha kiganja, huku natoa pumzi, kikombe kikatulia. Mapaja yalikuwa yanatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa, wanaona wanachezewa. Wanataka lile zoezi maarufu linaloitwa Mia: kichwa juu, miguu hewani, mikono inapiga-piga pembeni, unavuta pumzi kwa hesabu ya tano, unatoa kwa tano, mara kumi, jumla mia. Ni zuri, nalifanya sasa. Lakini wiki za kwanza lifanye kichwa kikiwa chini na nyayo sakafuni. Ukiona shingo ndiyo inayouma kuliko tumbo, ujue shingo imefanya kazi ya tumbo, shusha kichwa bila kuangalia jirani amefika ngapi. Darasani kwetu yuko bibi wa miaka sitini na kitu anayefanya nusu ya tunayofanya sisi, na ndiye anayefanya vizuri kutushinda wote.

Utaumwa misuli kesho yake na keshokutwa, hasa sehemu ambazo hukujua unazo. Hiyo ya kuuma kwa uzito ni sawa. Ya kuchoma kama sindano au ya kwenye kiungo si sawa, acha zoezi useme.

Mengine ya haraka haraka. Mavazi: usipoteze hela kununua zile suruali za kubana. Bukta ndefu au suruali ya trakisuti na fulana inayokaa mwilini inatosha, kina mama wengi wa kwetu wanavaa na hijabu yao bila shida yoyote. Dera tu liache, linafunika magoti mwalimu asione kinachoendelea. Miguu mitupu. Mkeka utafute mnene wa sentimita moja au zaidi, hii miembamba ya yoga inaumiza pingili za mgongo unapobiringika. Usile ukashiba ndani ya saa mbili kabla, mimi niliwahi kwenda na ming'oko tumboni, sitarudia. Novemba na Desemba joto letu unalijua, nenda asubuhi au baada ya Alasiri, beba maji na taulo maana mkeka unateleza kwa jasho.

Mashine zile unazoziona kwenye simu, kitanda chenye springi na kamba kinachoitwa rifoma, usizisubiri. Mazoezi ya sakafuni ni sehemu ya kazi ya mzee Joseph Pilates mwenyewe na yanatosha kabisa kuanzia. Na kama kuna aliyekuambia utapungua kilo kumi, amekudanganya. Mimi kilo zangu ziko palepale, mizani naishika mimi mwenyewe. Kwa moyo na pumzi bado utembee kwa haraka, zile dakika 150 kwa wiki wanazosema wataalamu wa afya. Pilates mara mbili au tatu kwa wiki, na usijihukumu kabla ya miezi miwili.

Kuhusu fedha, omba ulipe darasa moja moja kwanza. Anayekulazimisha miezi mitatu mbele kabla hujajua anafundishaje, achana naye. Na kwa hali yako ya miezi minne, ningekuwa mimi ningeomba vipindi viwili vya peke yangu na mwalimu kabla ya kujichanganya na kundi, hata kama ni ghali kidogo.

Mtoto usiogope kwenda naye. Kwetu kuna mama mmoja huwa anamlaza wake kwenye mkeka wa ukindu pembeni, na yule mtoto ndiye mwalimu wetu wa kupumua, mbavu zinafunguka pande zote bila kufundishwa na mtu.

Beba kanga yako tu. Ile niliyofungwa mimi nimeshaambiwa mara mbili niirudishe.