Kabla hujakodi breka: niliyojifunza kwenye ubomoaji Mombasa

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza swali moja kuhusu breka, ile nyundo ya haidroliki inayofungwa kwenye mkono wa eskaveta: "Breka gani nzuri?" Nami huwarudishia langu: unabomoa nini? Wengi hukwama hapo. Eskaveta wameshaiona, bei ya kukodi kwa saa wanaijua, lakini ukuta wenyewe hawajaupigapiga hata kwa nyundo ya mkono.

Hapa Mombasa mbomoaji hukutana na nyumba za namna mbili. Ziko za zamani, kuta nene za mawe ya tumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, juu yake boriti za mikoko. Na ziko za zege na vyuma, ambazo ndizo nyingi siku hizi. Kifaa kinachomaliza kazi kwa moja chaweza kukufilisi kwa nyingine.

Kazi yangu ya kwanza ya kujisimamia ilikuwa ghala kuukuu kisiwani, nje ya Mji wa Kale. (Ndani ya Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa. Usisogeze hata toroli huko kabla ya kupata kibali cha kaunti na kuzungumza na watu wa makavazi.) Nikaja na eskaveta ya tani 20, mbele yake breka ya tani moja na nusu, kifua mbele. Patasi, ile fimbo nene ya chuma inayotokeza mbele ya breka, ikaingia ukutani kama kisu kwenye papai, ikakaa humo. Tumbawe lina vitundu vitundu, hunyonya pigo badala ya kupasuka. Oparata akachomoa, akapiga pembeni, shimo la pili. Akapiga tena, la tatu. Baada ya masaa matatu ukuta ulikuwa umesimama vilevile, una mashimo kama mzinga wa nyuki.

Ubaya hauishii kwenye muda uliopotea. Patasi isipopata kitu kigumu cha kuegemea, pistoni inayoigonga kwa ndani hutwanga bure, na lile pigo hurudi ndani ya breka yenyewe. Sisi huita kupiga hewa. Zile boliti nne ndefu zinazoshika mwili wa breka ndizo hulipia. Yetu moja ilikatika kabla ya adhuhuri.

Mzee mmoja aliyekuja kununua mawe akasimama kututazama, kisha akaniambia: "Mwanangu, livue dude hilo. Rudisha baketi, uanzie juu." Tukafunga baketi ya meno, tukawa tunauvuta ukuta kidogo kidogo kutoka juu, chokaa ikajiachia yenyewe. Alasiri ilipoadhiniwa tulikuwa tunapanga mawe, na mazima yote yakanunuliwa palepale. Ukiwa na makucha ya kushikia, bora zaidi, maana boriti unazitoa moja moja bila kuzivunja, na boriti nzima ina soko.

Zege ni hadithi nyingine. Kwa msingi, kwa sakafu nene, kwa nguzo iliyolala chini, breka ndiyo mwenyewe. Ila usipige mahali pamoja zaidi ya nusu dakika. Kama halijapasuka, sogea karibu na ukingo. Ukiendelea unachemsha patasi tu na kutengeneza unga. Wala usiitumie patasi kama mtaimbo wa kukongolea. Najua oparata wote hufanya hivyo bosi akigeuza shingo. Ndiyo sababu patasi huvunjika katikati na bushi zake, zile pete za chuma zinazoishika, huliwa upande mmoja. Patasi ya ncha yafaa kwa zege lenye vyuma. Ile butu ni ya kuvunja mapande yaliyokwisha kuanguka, kwa sababu haitelezi juu ya jiwe.

Jengo lililosimama likiwa limebanana na majirani, kama kule Majengo ambako ukuta wako na wa jirani wanaambiana siri, mimi huacha breka nyumbani. Mtikisiko wake hutembea. Utabomoa yako, na ya jirani ipate nyufa, halafu uanze kuitwa kwa chifu. Hapo nachukua krasha ya taya, ile inayotafuna zege kimyakimya na kuacha vyuma vikining'inia. Faida yake ya pili ni kwamba vyuma hutoka vimejitenga, wa skrepu wanavichukua, na kifusi kinabaki kidogo kidogo cha kujazia mashimo, hulipii lori kubeba mapande. Kabla hujaikodi, pima nguzo nene kuliko zote jengoni, kisha pima upana wa taya ikiwa wazi kabisa. Nilishaona mtu ameleta krasha ya sentimita 50 kwa boriti za zege za sentimita 60. Siku nzima ilikuwa inalamba pembe.

Sasa mafuta ya haidroliki, yale ya presha yanayoendesha kifaa, na hapa naomba usome polepole.

Kila breka au krasha ina kibati kinachosema inataka lita ngapi kwa dakika na presha ya bar ngapi. Eskaveta ya tani 20 yaweza kusukuma zaidi ya lita 400 kwa dakika pampu zote mbili zikifanya kazi, na breka ya saizi yake mara nyingi hutaka chini ya nusu ya hapo. Mashine isiporekebishwa, unaipa breka mafuta ambayo haikuyaomba. Ikipigwa kasi kupita kiasi, naitrojeni, ile gesi iliyofungiwa ndani yake, na sili zinazozuia mafuta yasivuje haziwezi kuhimili. Akikwambia mwenye mashine "hiyo inaingia tu, wengi wametumia", mwambie mafundi waje na geji, wapime mbele yako.

Kitu cha pili ni njia ya kurudi. Mafuta yakitoka kwenye breka yanatakiwa yarudi kwenye tangi moja kwa moja kupitia filta, kwa paipu pana, si kupitia vali kuu. Nilikodi mashine moja ambayo aliyeifunga paipu alitafuta njia ya mkato. Saa mbili asubuhi ilikuwa inapiga vizuri. Saa nne pigo likawa zito, mlio umebadilika, kama mtu anayetwanga akiwa amechoka. Nikaweka kiganja karibu na tangi nikakitoa haraka. Kufika saa sita sili zimepasuka na mafuta yanatiririka juu ya kifusi. Tukabishana wiki nzima na mwenye mashine nani alipe, na mwisho nikalipa nusu kwa vile sikuwa nimeandika kitu. Tangu siku hiyo natembea na kipimajoto: mafuta yakikaribia digrii 80, tunazima na kunywa chai. Joto letu la Kaskazi halina mchezo, hivyo uliza pia ni mafuta ya aina gani yamo ndani. Mepesi mno huwa kama maji ifikapo mchana.

Uzito ni hesabu fupi. Kifaa kisizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wa mashine, na angalia jedwali la kubebea mkono ukiwa umenyooshwa kabisa, si ukiwa umekunjwa uani kwa mwenye mali. Kwa urefu, eskaveta ya kawaida ya tani 20 hufika mita tisa hadi kumi hivi. Jengo la orofa nne halikuhusu, tafuta mashine ya mkono mrefu. Kula ukuta kwa chini ili uanguke wenyewe ni kumngojea Izraili.

Pini zinazofunga kifaa kwenye mkono wa eskaveta: pima unene wa pini, upana wa nafasi ya kichwa cha mkono, na umbali kati ya pini mbili. Pima kwa kalipa. Macho hudanganya, na milimita tano za kuchezacheza huwa shimo la yai baada ya mwezi.

Na kama kazi ni ya gati au ukuta wa baharini, uliza kama breka ina njia ya hewa ya kompresa. Bila hiyo, usiizamishe. Pistoni ikigonga maji badala ya patasi, utabaki na chuma chakavu.

Grisi ya patasi ni ile nzito maalumu, si ya magurudumu. Ya kawaida huyeyuka na kutiririka. Sisi tunapaka kila baada ya masaa mawili, patasi ikiwa imesukumwa juu kabisa ili grisi isiingie katikati ya pistoni na patasi.

Ukimaliza kazi, toa patasi, paka grisi uso wa pistoni, kisha funga mdomo kwa gunia lililoloweshwa mafuta. Yangu niliiacha wazi Shimanzi msimu mmoja wa mvua, upepo wa chumvi ukaingia. Kwa macho ilikuwa kutu ya kidole kimoja tu, rangi ya chai. Nilipoiwasha, dakika kumi za mwanzo zilitosha kuichana sili yote, na fundi akanionyesha mkwaruzo kwenye pistoni kwa ukucha wake: ukipita, unakwama.